Ulinzi Unaoishia Getini

Mimi nina mdomo, na sijawahi kuuombea radhi. Ndiyo maana wenzangu walinichagua niingie kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji chetu, hapa kwenye barabara ya kutoka Masasi kupanda Newala. Walitaka mtu wa kusema. Halmashauri ilipoamua kwamba ghala la korosho lisilindwe tena na watu wetu wa ulinzi shirikishi, bali na kampuni yenye sare na buti, nilisema mpaka mwenyekiti akaninyooshea kidole nikae.

Afisa aliyekuja kutusomea mkataba alikuwa mpole. Kampuni imeshinda zabuni, alisema, na walinzi watakuwepo usiku na mchana msimu mzima.

"Na nje ya geti?" nikauliza.

"Nje ya geti ni kazi ya polisi, mama. Mkataba huu ni wa ghala."

Polisi kata wetu ni mmoja na pikipiki yake ni moja. Akiwa Chiwata, huku kwetu hayupo. Hilo nalo nililisema. Nikapigiwa makofi mengi, kisha mkataba ukapita vilevile ulivyokuja.

Aliyeumia zaidi ni kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa wale walinzi wetu. Miaka yote, jua likianza kushuka, alilizunguka ghala akivuta kufuli moja moja, ndipo aende nyumbani kula. Kazi ilipochukuliwa, miguu yake haikupewa taarifa. Jioni ikifika anainuka, anakwenda. Nilimkanya: "Kaka, wale ni wageni, hawakujui." Akanijibu kwamba ghala linamjua. Nikasusa, nikamwacha na ukaidi wake.

Karibu na geti hukaa mama mmoja wa Kiyao, muuza uji. Wayao na sisi Wamakonde ni watani tangu enzi za mababu. Kwenye msiba wetu mtani anaweza kumkejeli marehemu mbele ya wafiwa, akalala njiani kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na atakayemkasirikia aibu ni yake. Mama huyu hakuwa na subira ya kungoja msiba. Kila kaka alipopita, alimpigia kelele, "Marehemu! Leo tena hujazikwa?" Naye kaka humjibu, "Nangoja utangulie ukanifagilie."

Siku yenyewe ilikuwa ya kupakia. Malori yamejipanga, wapakiaji wametoka Lisekese, wametoka Newala, sura za wageni ni nyingi kuliko zetu. Jua limeanza kushuka, nilikuwa narudi kisimani, ndoo kichwani, niliposikia filimbi, kisha sauti ya mlinzi: "Mwizi! Mwizi mlango wa nyuma!"

Nilijua kabla sijaona. Ndoo niliitupa, na kwetu huku maji hayatupwi.

Nilikuta wapakiaji wameshamburuta mpaka barabarani. Shati lilikuwa limechanika, uso umejaa damu na vumbi, hata mimi nilimtambua kwa sauti. Alikuwa anajitetea kwa Kimakonde, maana hofu ikizidi mtu hukimbilia lugha ya mama yake, lakini kwa kelele zile nani angemsikia? Nikapaza sauti kwamba huyu ni kaka yangu. Mtu mmoja akasema basi na mimi ni mwizi, akanisukuma nikaanguka. Nikainuka, nikakimbilia getini. Walinzi wawili walikuwa wamesimama kwa ndani, geti limefungwa.

"Fungueni jamani! Mtu anauawa! Nyinyi ndio mliomwita mwizi!"

"Haturuhusiwi kutoka, mama," mmoja akasema. "Lindo letu linaishia hapa."

Nilimchukia mtu yule kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nikampigia polisi kata. Alikuwa Chiwata.

Nilipogeuka, mpakiaji mmoja alikuwa ameinua tofali. Hapo ndipo nilipomwona mama muuza uji akipenya katikati ya watu, bila viatu. Alijilaza juu ya kaka, akamfunika kwa kanga yake mpaka usoni, akaangua kilio. Kilio chenyewe kilikuwa cha msibani hasa, cha kuita jirani.

"Maiti yangu jamani! Nani kawaambia mzike kabla mtani hajalipwa? Mmakonde huyu ni wangu mimi Myao! Nipeni changu kwanza!"

Wapakiaji wengi walikuwa Wamakonde na Wamakua, wote watani wa Wayao. Tofali likabaki juu. Mmoja akacheka bila kutaka, akajiziba mdomo.

"Mtani, toka hapo. Huyo mwizi."

"Kwani mwizi hana mtani? Haya, nipige mimi, tuone wewe atakuzika nani!"

Mwenye tofali aliwatazama wenzake. Hakuna aliyemtazama. Akalishusha taratibu, akaliweka chini. Nami nikaenda nikajilaza upande wa pili, na tukakaa hivyo, yeye akilia na kudai, mimi nikishikilia pindo la kanga, mpaka tuliposikia pikipiki ya polisi.

Hospitalini, mkono umefungwa plasta, kaka aliniambia jambo moja tu. "Kufuli la nyuma lilikuwa wazi. Nilikuwa nalifunga." Nililia kwa hasira mpaka muuguzi akanitoa nje.

Afisa yule mpole alirudi msimu ulipokaribia tena, na mkataba wake. Safari hii sikukaa niliponyooshewa kidole. Nilitaka walinzi watembezwe nyumba kwa nyumba wasalimie watu kabla ya kushika lindo. Nilitaka pia kwamba wakimwita mtu mwizi, ulinzi wa mtu huyo uwe wao mpaka polisi afike, awe ndani ya geti au nje. Afisa akaandika. Yote mawili yakapita.

Kaka amerudia mzunguko wake wa jioni. Walinzi wapya wanamwamkia. Siku ya kwanza nilifuatana naye, na tulipofika kwa mama muuza uji nikasubiri kelele zake.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Kaka akasimama. "Mtani, mbona leo huniziki?"

"Nilishakuzika," akasema huku akikoroga sufuria. "Chini ya kanga yangu ulikuwa hupumui."

Akamjazia kikombe cha uji, akampa. Kaka alikipokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukunjuki tena, na mtani wake hakumtania.