Maji Aliyomwagiwa Umi

Mueni alifika Lamu mwaka 1963, mwalimu mpya kutoka Machakos, hajawahi kuishi mahali ambapo mtu akiinua macho haoni kilima. Alipangiwa shule ya msingi ya misheni, na muhula wa kwanza wote alikuwa akipotea kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, anatokea nyuani kwa watu, anaomba radhi kwa Kiswahili kilichowachekesha wanawake. Alicheka nao, na baada ya muda wakaanza kumwita kwa jina.

Shuleni palikuwa na watoto wa askari na makarani wa kutoka bara. Palikuwa pia na watoto Waislamu wa mjini na wa visiwani, ambao wazazi wao walitaka wajue hesabu na Kiingereza. Kipindi cha katekisimu kilipofika, watoto hao walitoka barazani na kazi zao za hesabu, na alasiri walikwenda chuoni kusoma Kurani. Hakuna aliyekuwa ameandika mapatano hayo popote. Yaliheshimiwa tu, na shule ikaendelea.

Mmoja wao alikuwa Umi, wa darasa la tatu. Baba yake, Bwana Fadhil, alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate aliyekuwa akilima ufuta ng'ambo, upande wa bara, hadi mashifta, waasi wenye bunduki, walipowatia watu hofu na mashamba yakaachwa. Akaja kupanga chumba mtaa wa Wiyoni pamoja na mama yake, Bi Mwanamkisi, na huyo binti. Mama wa Umi alikuwa amefariki zamani. Siku aliyomleta shule, Fadhil alimwambia Mueni maneno machache tu: "Mfundishe kusoma, Mwalimu. Dini anayo."

Mwezi wa Machi, mwaka 1965, joto likiwa kali kuliko kawaida, Umi alikuja shule macho yamemlegea. Katikati ya somo alianguka kutoka kwenye dawati. Mueni alipomgusa alihisi anashika chungu kilichotoka motoni. Mwili ukaanza kumkakamaa, mikono ikipiga sakafu. Mueni hakungoja mwalimu mkuu. Alimkabidhi darasa mwenzake wa jirani, akambeba mtoto mikononi, akatoka mbio kuelekea hospitali.

Walipofika kati ya nyumba za mawe, Umi alilegea ghafla. Kichwa kikaning'inia, midomo ikabadilika rangi. Mueni akapiga magoti mbele ya mlango uliokuwa wazi, akapaza sauti aletewe maji. Mwanamke mmoja akatoka na kata iliyojaa. Mueni akammwagia mtoto kichwani, akamwagia tena, midomo yake ikitetemeka kwa maneno ambayo hakuna pale aliyeyaelewa. Rozari aliyoivaa ndani ya nguo ilichomoka shingoni ikaning'inia juu ya uso wa Umi.

Watu walikuwa wameshasimama. Waliona maji, waliona msalaba, waliona midomo.

Umi akavuta pumzi kwa kelele. Mueni akamwinua na kuendelea kukimbia.

Hospitalini walisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mtoto alilazwa hajitambui. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezunguka mji mzima: mwalimu wa misheni amemtia maji mtoto wa Fadhil. Mara tatu, walisema, kama wanavyofanya kanisani.

Kesho yake madawati mengi yalikuwa matupu. Waliokuja ni watoto wa kutoka bara, nao walimtazama mwalimu wao kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Jioni Mueni alikwenda dukani kununua unga. Mwenye duka, aliyezoea kumuuliza habari za kwao, alimwambia unga umekwisha. Gunia lilikuwa wazi nyuma yake. Mueni aliitikia kwa kichwa akaondoka. Njiani wanawake aliowajua walivuta mabuibui yao wakapita kando.

Alikwenda hospitali kumwona Umi. Fadhil alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Hakupaza sauti.

"Usiingie," alisema.

"Bwana Fadhil, nataka kujua tu hali yake."

"Akifa leo, nani atamzika, Waislamu au misheni? Kuna watu washaniuliza hilo. Wananiuliza mimi, babake." Akageuza uso ukutani. "Nenda zako, Mwalimu."

Swali hilo alirudi nalo nyumbani. Hakuwa amelifikiria. Yeye aliogopa kifo cha mtoto. Kumbe baba mtu aliogopa kifo na mazishi.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Nicodemus, alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwema, mwenye hofu nyingi, na safari hii hofu yake ilikuwa na sababu. Mtu alikuwa ametupa mawe juu ya paa la shule alfajiri.

"Chukua mashua ya kwanza uende Mokowe, ng'ambo," alisema. "Basi linaondoka na ulinzi wa askari. Pumzika kwenu mpaka mambo yapoe."

"Nikiondoka watasema nimekimbia."

"Na ukibaki?"

"Nikibaki wanaweza kuniuliza. Mpaka sasa hakuna aliyeniuliza."

Nicodemus akasema yeye mwenyewe hataki kuuliza, maana jibu lolote litakuwa mzigo. Aliyeuliza ni Padri wa misheni, baada ya misa, wakiwa wawili tu karibu na altare.

"Ulimbatiza?"

"Hapana, Padri."

Padri alizima mshumaa. Mueni alijaribu kusoma uso wake kama umepata nafuu au umesikitika, akashindwa. "Ungeweza," Padri alisema hatimaye. "Unajua kwamba ungeweza."

"Najua."

Usiku huo hakupata usingizi. Aliwaza kwamba kama Umi angekufa, Wakristo wangemlaumu kwa neno alilomnyima mtoto, na Waislamu wangemlaumu kwa neno ambalo hakulisema.

Umi hakufa. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Bi Mwanamkisi alikuja mwenyewe hadi kwenye chumba cha Mueni. Alikataa kuketi.

"Mjukuu wangu yana amefungua mato," alisema. "Ametaka mai ya kunwa, kisha akauliza mwalimu wangu yuko wapi. Mimi maneno ya ndiani siyataki. Ndoo kwetu unene mwenyewe, mbee ya babake."

Nicodemus aliposikia Mueni ameitwa kwa Fadhil alimsihi asiende, au aende na askari. Mueni alisema akienda na askari, hakuna atakachosema kitakachosikika. Akajifunga leso, akafuatana na mama mtu mzima mpaka Wiyoni. Njiani watoto wake wa darasani walitoka milangoni, wakamwona, wakarudishwa ndani.

Chumbani walikuwa Fadhil na kaka zake wawili waliovuka kutoka Pate. Walimwonyesha mkeka. Hakuna aliyemkaribisha chai.

"Watu wamehesabu mara tatu," Fadhil alianza.

"Sikuhesabu. Nilimwaga mpaka kata ikaisha. Alikuwa anaungua."

"Na midomo yako?"

"Nilikuwa naomba. Kwa Kikamba."

"Tuambie."

Mueni aliyarudia maneno yale kwa Kikamba. Walisikiliza, ingawa hawakuelewa. Kisha akayasema kwa Kiswahili: "Mungu, usimchukue mtoto huyu mikononi mwangu. Nitamwambia nini baba yake?"

Mmoja wa wale kaka akainamisha macho. Lakini Fadhil alikuwa bado ana swali, na kila mtu chumbani alijua anakolielekeza.

"Wenzako wanasema mtu akikaribia kukata roho, Mkristo yeyote aweza kumtia maji. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulifikiri kufanya?"

Angeweza kukana. Hakuna binadamu ambaye angejua. Mueni alitazama mikono yake.

"Nilifikiri," alisema. "Maji nilikuwa nayo na maneno nayajua tangu utoto. Yalinijia mpaka mdomoni. Sikuyatamka."

Kaka mkubwa alijisogeza kama anayetaka kusimama. Bi Mwanamkisi akamwekea mwanawe mkono begani, na kaka akatulia.

"Kwa nini hukuyatamka?" Fadhil aliuliza.

"Uliniletea nimfundishe kusoma. Uliniambia dini anayo."

Nyuma ya pazia Umi alikohoa, na wote wakageuza vichwa. Fadhil alijifuta uso kwa kiganja.

"Ungenambia hukufikiri, nisingekuamini," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Mama, mwalimu hajapewa kitu."

Chai ililetwa. Mueni aliinywa, kisha akaruhusiwa kupita nyuma ya pazia. Umi alikuwa amekonda, macho makubwa. Alimuuliza mwalimu wamefika wapi kwenye hesabu.

Jumatatu iliyofuata Fadhil alimleta binti yake shule kwa miguu, akipitia njia kuu mchana kweupe ili aonekane. Alisimama barazani mpaka kengele ilipolia. Siku zilizofuata baadhi ya watoto walirudi. Wengine hawakurudi kamwe. Wazazi wao waliwapeleka kwingine, na Mueni alipokutana nao njiani walimsalimu kwa adabu na kupita. Jambo hilo lilimuuma, lakini hakuwalaumu.

Padri aliposimuliwa yaliyotokea Wiyoni, alivuta kiti akaketi. "Sijui mimi ningefanya nini," alisema, na Mueni hakuwahi kumsikia akisema hajui kitu kabla ya hapo.

Mueni alifundisha katika shule ile hadi alipostaafu. Aliolewa na karani wa bandarini, akazaa watoto wake kisiwani, na Kiswahili chake kikawa cha mji ule hasa, akisema "nti" na "ndia" badala ya nchi na njia bila kujilazimisha. Umi alimaliza darasa la saba, akasomea uuguzi, akafanya kazi hospitali ile ile. Bi Mwanamkisi alipofariki, Fadhil alimtuma mtu misheni kumwita Mueni, naye akaenda akakaa na wanawake chumbani siku zote za matanga, akichambua mchele pamoja nao.