Induru kwenye Kurasa za Hospitali

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kasulu, Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA aliniuliza, "Binti, printa unaiweza?" Nikamjibu nimekuja kuandika programu. "Utaandika," akasema, "printa ikishapona." Nikaitengeneza huku nimenuna.

Nilipohamishiwa Kibondo nilipewa ukurasa wa dharura wa hospitali. Muuguzi wa mapokezi alibonyeza kitufe kimoja, na kitufe hicho kiliita maabara, kisha chumba cha upasuaji, kisha dereva. Sehemu ya maabara ikigoma, msimbo wote wa programu ulikwama hapohapo na wengine hawakuitwa. Mganga Mfawidhi, mgeni kutoka Tanga, alikuwa amechoka. "Mwisho wa mwezi naufuta huo ukurasa. Tutarudi kutuma watu kwa miguu." Niliumia, maana nilijua mgonjwa anayevuja damu hana muda wa kusubiri miguu ya mtu.

Nikauandika upya kwa mtindo ambao sisi waandishi wa programu tunauita wa mtazamaji. Kitufe hakimwiti mtu tena, kinatangaza tu tukio maalumu, yaani tukio ulilolipa jina mwenyewe. Kila sehemu ya ukurasa inajiandikisha kulisikiliza, na ikilisikia inafanya la kwake. Tukio nililiita "induru".

"Induru ndiyo nini?" Mganga Mfawidhi akauliza.

Muuguzi wa zamu, Mama Neema, Muha wa Kitahana, akadakia. "Dokta, huku kwetu ukipatwa na jambo unapiga ukelele, ndiyo induru. Huchagui nani aje. Mwenye panga anakuja na panga, mwenye machela anakuja na machela. Mmoja akilala, wengine wanafika."

"Haya, tutaona," akasema.

Tuliona wiki hiyohiyo. Aliletwa mama aliyejifungulia njiani, damu haikatiki. Mama Neema akabonyeza. Sehemu ya maabara ikagoma kama kawaida yake, alama yake ikawa nyekundu. Lakini chumba cha upasuaji kilishasikia, na dereva alishawasha gari kufuata damu Kasulu. Mama Neema akakimbilia maabara mwenyewe. Yule mama alipona.

Mganga Mfawidhi alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni. "Ukurasa hauondoki," akasema, akaenda zake. Kwa mtu yule, hizo zilikuwa sifa nyingi mno.

Sasa nimestaafu, nalima maharage Buhigwe. Vijana, mkiandika programu, msikifanye kitufe kimjue kila mtu. Juzi kijana aliyenirithi alinipigia simu, ameongeza kikundi cha wachangia damu, nao wanaitwa papo hapo.

"Kwenye kitufe changu umebadilisha nini?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama. Faili lako sikulifungua hata."

Mwingine angeona amesahauliwa. Mimi nilivimba kichwa siku nzima.