Kuku wa Uzi na Uji wa Hamisi

Iko siku moja, mwanangu, mpaka leo nikifumba macho naiona. Lakini kwanza ondoa meno kwenye kofia ya mjukuu wangu! Nimekutazama tangu asubuhi unauvuta uzi uliochomoza hapo, na sasa unataka kuukata. Weka chini, kaa, unisikilize.

Nilikuwa binti mdogo, tumehamia karibuni katika kijiji cha ujamaa upande wa Sepuka. Huko tulikotoka kila boma lilikaa peke yake. Hapa nyumba zilipangwa mistari, hata kuku wa jirani akikohoa unamsikia. Mvua ya kwanza ilitukuta juu ya lori ikalowesha kila kitu, na kabla hatujamaliza kuezeka, mjomba wako Hamisi akashikwa na surua. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema.

Mama yangu alikuwa amelazwa mjini, baba yuko naye anamuuguza. Nyumbani tulibaki mimi, Hamisi na bibi, mama yake baba. Kinywa cha Hamisi kilijaa vidonda, hataki kitu. Mganga wa zahanati alimwambia bibi bila kuzunguka, "Mama, mtoto huyu asipokunywa, utampoteza." Na uji Hamisi aliukubali kwa njia moja tu: kuku wake wa uzi lazima anywe kwanza.

Kuku huyo mama alimfuma kwa uzi wa sweta kuukuu la baba, kwa kulabu aliyoitengeneza kwa spoku ya baiskeli. Tumboni alimjaza uwele, maana ndio uliokuwepo. Unamwekea kikombe mdomoni, unasema, "Kuku amekunywa," na Hamisi naye anafungua kinywa. Cheka tu. Sisi hatukucheka, tulimshukuru Mungu kwa kila funda.

Sasa, uwele ule ulikuwa umelowana kwenye lori, na sisi kwa pilikapilika za kuhama hatukuutoa. Asubuhi moja nikaona vichipukizi vinachungulia katikati ya uzi, na kuku mwenyewe ananuka uchachu. Hamisi alipopitiwa na usingizi nikamchomoa kuku mikononi mwake taratibu, nikamlaza kwenye mkeka juani akauke. Nikageuka kuchochea moto.

Kumbe mtetea wa jirani ameshauona uwele! Nilipogeuka tena, yuko juu ya mkeka anadonoa vichipukizi, na ameshameza ncha ya uzi pale kichwani. Nikapiga yowe. Mtetea akashtuka, akatimua mbio, na uzi ukamfuata. Kuku wetu alikuwa mzito kwa uwele mbichi, akabaki pale pale mkekani, kichwa kinafumuka mzunguko kwa mzunguko huku namwona.

Nikainua mguu nimkimbize.

"Simama hapo hapo!" Bibi alikuwa mlangoni, na sikuwahi kumsikia na sauti ile. "Ukimkimbiza anaumaliza wote!"

Nikasimama. Mwanangu, kusimama kule! Mtetea amefika uani kwa jirani, shingo ameikaza, uzi umenyooka kati yetu na yeye. Kishungi cha kuku wetu kimekwisha, jicho limekwisha. Na ndani Hamisi ameamka, analia kwa sauti iliyokauka, "Kuku! Kuku!" Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi akachota uwele mkavu kiganjani, akachuchumaa, akaanza kumwita yule mtetea kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, utadhani hana haraka na lolote. Mtetea akageuza kichwa. Akasogea. Mbwa akabweka mahali, mtetea akasita, nikaona tumekwisha. Mwishowe ulafi ukamshinda, akaja mpaka kiganjani, na bibi akamdaka.

"Shika kitanzi cha mwisho," akaniambia, amembana mtetea kwapani. "Chomeka mwiba kisitoroke. Nitaongea mimi na mwenye kuku."

Nikachomeka mwiba wa mgunga. Bibi akaukata uzi karibu na mdomo wa yule mlafi, tukamwaga uwele wote, tukajaza matambara makavu. Lakini kichwa hakipo, na bibi hakujua kufuma. Anayejua yuko mjini kitandani. Mimi mama alikuwa amenifundisha mwanzo tu, na kila nilichofuma kilitoka kimepinda.

"Fuma," bibi akasema.

Nikaanza kulia.

"Usimlowanishe tena! Utalia ukimaliza."

Nikafuma. Kichwa kikatoka kidogo, kimelala upande, kishungi hakuna. Nikampeleka kwa Hamisi. Akamtazama. Macho yamezama, midomo imepasuka, anamtazama tu. Nikaweka kikombe kwenye ule mdomo uliopinda, nikasema, "Kuku amekunywa." Hamisi akanyoosha kidole, akakigusa kile kichwa kipya.

"Kuku mgonjwa," akasema.

"Ndiyo, anaumwa kama wewe. Lakini amekunywa."

Akafungua kinywa.

Basi sikia, mwanangu. Uzi ukichomoza usiuvute wala usiukate, urudishe ndani kwa kulabu na uufiche. Mwanasesere akichafuka, mfue kwa maji ya baridi na sabuni kidogo. Usimkamue kwa kumsokota, mbonyeze ndani ya kitambaa, kisha mlaze akauke. Ukimtundika akiwa amelowa atarefuka mpaka umkatae. Usimfungie kwenye mfuko wa plastiki akiwa na unyevu, na nafaka tumboni, tafadhali, usijaze kabisa! Ukiona kazi ya mtu inafumuka mbele yako, usikurupuke. Tulia, shika kitanzi cha mwisho, halafu ndiyo uulize unaanzia wapi. Na hata ikitoka imepinda, usiitupe.

Mjomba wako sasa kichwa kizima mvi. Akija hapa, namwekea chai, na kabla hajagusa kikombe ananitazama usoni: "Dada, kuku amekunywa?" Namjibu amekunywa. Hapo ndipo anakunywa.

Mungu ampe mwanao afya ya kumaliza kikombe chake, na wewe akupe mikono isiyo na papara, uzeeke ukiitwa bibi na wengi. Haya, lete kulabu na hiyo kofia.