Kidole cha Salesio

Fundi Salesio wa Kiritiri si mtu wa kutulia hata siku njema, lakini Alhamisi hiyo alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anashika spana, anaiweka. Anatoka nje, anaangalia mawingu, anarudi. "Ngai, Mungu wangu, isinyeshe," ananong'ona. Mbeere nzima inalilia mvua, na huyu anaiombea ipite!

Sababu ni mwalimu Lenah. Asubuhi alileta baiskeli yake, black mamba, foki inayoshika gurudumu la mbele imepinda baada ya kugonga jiwe. Foki ya inchi ishirini na nane haikuwepo, ilikuwepo ya ishirini na sita tu, ya zile baiskeli za milimani.

"Fundi, watoto wana mtihani saa nne. Fanya ufanyavyo!"

Shingo ya foki iliingia kwenye fremu bila ubishi. Gurudumu nalo likaingia, kwa kubanwa.

Sasa, Salesio ana sheria moja, na ameihubiri mpaka watu wakambandika jina la Kidole: kati ya tairi na kichwa cha foki, kidole lazima kipite. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," husema, "lakini ufa wa foki ukiziba, utachimba kaburi." Asubuhi hiyo alipitisha kalamu. Ikapita.

"Nenda, mwalimu," akasema, bila kumtazama usoni.

Njia ikiwa kavu, kalamu inatosha. Tope likijaa hapo, gurudumu hukwama ghafla na mwenye baiskeli huruka mbele. Na njia ya shule ni mteremko mtupu wa udongo mwekundu. Salesio alimpigia simu mara tatu, hapatikani.

Haikuisha nusu saa, ikanyesha. Soko zima likashangilia, "Mvua ni baraka!" Mama muuza ndengu akacheza pale pale. Salesio akaacha kibanda wazi, akatimua mbio, roho juu.

Alimkuta chini ya mteremko, ameketi kando ya njia, viganja vimechubuka, mdomo umepasuka. Yuko hai! Salesio alitaka kulia.

"Pole, mwalimu. Pole sana."

Lenah alikuwa anakwangua tope kwa kijiti juu ya lile gurudumu. Alipomaliza, akaingiza kidole. Hakikupita.

"Kwani leo ulipima na nini, fundi?"

"Na kalamu, mwalimu."