Mbasa Aliyetoka Mtoni na Kikapu

Mwaka ule masika yalipowapandisha samaki aina ya mbasa kutoka ziwani kuingia mto Kiwira, mama yangu mzazi alituma habari kwamba anakuja kunitazama, mara ya kwanza tangu niolewe Ngonga. Nilitaka ale mbasa. Akila ndizi tupu angerudi kwake akisema bintiye ameolewa na njaa.

Baba mkwe alijitwika kazi hiyo. Alikuwa amewabebea Wadachi mizigo, akarudi na ndoano ya chuma, uzi mrefu na namna mpya ya kusimama: kifua mbele, mkono kiunoni. Kikapu cha kuvulia, alisema, ni chombo cha wanawake na vyura.

Sikumwamini. Asubuhi nikatangulia mtoni na kikapu changu, nikaingia kwenye matete. Mara nikamwona anashuka. Kwetu mke wa mtoto haonwi na baba mkwe, wala hasemi naye. Basi nikazama hadi shingoni, nikatulia.

Akatupa ndoano. Mbasa akaimeza, akakimbilia matetini, akaingia moja kwa moja ndani ya kikapu changu. Baba mkwe akavuta. Nami nikavuta.

“Imenasa kwenye jiwe!” akafoka. “Ngoja niingie.”

Nikimwachia samaki, mama atakula ndizi. Nikisimama, ni aibu ya ukoo mzima. Ndipo mama mkwe alipofika kuteka maji, akaona kichwa changu.

“Mzee, usiingie. Geuka utazame milimani.”

“Nigeuke na samaki nimemshika? Mama, umelewa?”

“Geuka! Hao Wadachi wako hawakukwambia? Mbasa ana haya.”

Akageuka, akinung’unika. Nikaufunga mdomo wa kikapu kwa kamba yake, samaki ndani, nikakiachia, nikatambaa hadi migombani.

“Haya, vuta!”

Akavuta. Kikatoka kikapu, kinarukaruka. Alikitazama kwa muda mrefu. Mama mkwe alikuwa ameketi matopeni, hoi kwa kicheko.

Jioni mama yangu alifika, akala mpaka akalegeza nguo. Huko nje baba mkwe aliwasimulia wageni habari za ndoano, mwanzo hadi mwisho, bila kikapu. Nikiwa nyuma ya ukuta wa mianzi, nikamnong’oneza mama mkwe. Akatoka, akasema mbele ya wote:

“Mzee, mwenye kikapu anakidai.”

Baba mkwe akakohoa.

“Kiko mlangoni. Mwambie ndaga, nashukuru sana. Na kesho aingie matetini mapema.”