Kaka yangu katika orodha ya Luberizi

Siku mashine ilipoandika kwamba kaka yangu yuko Luberizi, nilipiga kelele mpaka padri akatokea mlangoni na povu la sabuni kwenye shavu moja. Alidhani askari wameingia. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Ni nani huyo?"

"Ni kaka, mon père. Kaka yangu."

Akakaa kwenye kiti cha wageni na povu lake vile vile.

Mimi shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, vita ya kwanza ilipotukuta. Siku mji wetu wa Bukavu ulipoanguka tulikimbia kutoka Bagira: maman, kaka na mimi. Tulikuwa tumeshapanda mlima kaka alipokumbuka redio. Redio! Akasema anarudi mara moja, tumngoje kwenye kona. Tulingoja mpaka watu waliokuja nyuma wakatusukuma mbele. Baada ya majuma kadhaa maman na mimi tulirudi nyumbani. Mlango umevunjwa, sufuria zimekwenda, na redio iko pale pale juu ya kabati, hata haikuguswa. Kaka hakuwepo.

Vita ya pili ilipokuja, parokia ilianza kukusanya majina. Kila kanisa dogo lilituma daftari: fulani, miaka yake, yuko hapa kwetu, mzima. Watu walikuja ofisini kuulizia ndugu zao, na daftari zilikuwa nyingi kuliko macho yetu. Basi asistan mmoja, mwalimu msaidizi wa chuo, kijana mrefu ambaye sote tulimwita Prof ili kumchokoza, akaleta kompyuta yake iliyozeeka na lugha yake ya ajabu ya kuiamuru mashine, inayoitwa Prolog. Mimi nilikuwa nimekuja kufagia. Akaniona napapasa vitufe nikidhani yuko nje, akasema vidole hivi ni vyepesi, njoo ukae. Nikakaa. Moyoni nilikuwa nimeshakuwa sekretere wa kampuni ya ndege, na kitambaa shingoni.

Alinifundisha kama mtu anayezungumza jikoni.

"Umeshachambua mchele?"

"Prof, unamuuliza binti wa Bagira kama ameshachambua mchele!"

"Bien. Mkono unafanya nini?"

"Unachukua kidogo, unaangalia, kizuri huku, jiwe kule."

"Na kesho nikikupa maharagi utafute yaliyotobolewa, utahitaji mkono mwingine?"

"Mkono ni huu huu. Jicho ndilo litauliza kitu kingine."

Akapiga meza hadi chai ikamwagika. "Njo vile! Ndiyo hivyo! Wanafunzi wangu walinichukulia mwezi mzima hapo."

Nikanenepa kwa furaha. Katika programu yake ule mkono uliitwa *chagua*. Unaupa vitu viwili: orodha ya watu, na swali. Unamshika wa kwanza, unamuuliza, akikubali anaingia katika orodha mpya, asipokubali anaachwa. Halafu unamshika anayefuata, mpaka orodha iishe. Ajabu yenyewe ni kwamba swali nalo ni kanuni. Kanuni moja inapewa nyingine mkononi, kama mpishi anavyopewa kisu. Ukitaka watu wa mahali pengine, unabadilisha kisu tu. Mimi niliandika mstari mmoja:

chagua(yuko(luberizi), Watu, Orodha).

Na mashine ilinitolea watu wote wa Luberizi, kila mmoja na miaka yake na mahali pake. Karatasi tuliipa kamio, lori linaloshuka bondeni, ikasomwe kanisani, waliotajwa wajue kwamba Bukavu wanawatafuta. Nilishangaa siku nzima. Nilimweleza hata muuza mandazi.

Prof aliniwekea sharti moja. "Ambaye hajulikani aliko, usimuandike. Hii ni orodha ya waliopatikana." Nikakubali kwa mdomo.

Siku moja ya mvua, Prof akiwa nje, nikamwandika kaka. Jina lake. Miaka yake, nikiongeza ile iliyopita tangu aondoke. Mahali pake nikaweka kistari cha chini, kwa sababu Prof aliwahi kuniambia kistari kile kinasema "bado sijui". Sikuona kosa. Kumwacha nje kulinishinda, ilikuwa kama kupakua chakula na kuondoa sahani yake mimi mwenyewe.

Ndiyo maana nilipiga kelele ile asubuhi. Prof alikuwa amekwenda Nyantende kuchukua daftari, na mimi nikatoa orodha ya Luberizi peke yangu. Majina yakashuka, na katikati yao kaka, na miaka yake, na mwisho wa mstari, mahali nilipoweka kistari, pameandikwa *luberizi*. Mimi sikuandika neno hilo. Funguo za ofisi zilikuwa shingoni mwangu. Nani basi? Prof alisema kila mara kwamba mashine hii inaweza kutambua jambo ambalo hakuna aliyeiambia, kwa kuunganisha hili na lile. Na kaka, kabla ya vita, alikuwa akishuka Luberizi na mfanyabiashara wa mchele. Alikuwa akirudi na harufu ya magunia. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Nilimkuta maman anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipomwambia, mchi ukamtoka mikononi ukabiringika hadi ukutani.

"Anakula?"

"Maman, mashine haisemi kama anakula."

"Basi nitamuuliza mwenyewe. Kamio inashuka lini?"

"Kesho asubuhi. Lakini maman, njia ile…"

"Njia ile iko na mutoto yangu mwisho wake. Usinifundishe njia."

Njia ya bonde, kila mtu aliijua. Kamio zilikuwa zinarudi na matundu ya risasi kwenye milango, na nyingine hazirudi. Lakini sikumzuia. Nasema ukweli: nilimfungia sambaza kavu, dagaa wa ziwani, kwenye gazeti, nikapiga pasi shati la kaka, nikiimba.

Kesho yake maman alitoka kabla yangu. Mimi nikafika ofisini nikamkuta Prof, viatu vyake vimejaa matope ya Nyantende. Nikamshika mikono yote miwili nikamwambia. Hakucheka.

"Daftari ya Luberizi niliiingiza mimi mwenyewe," akasema polepole. "Hakuna mutu wa Bagira mule."

"Mashine imempata, Prof!"

"Uliza Nyantende."

Nikabadilisha neno moja. Watu wa Nyantende wakashuka, na kati yao kaka, na mwisho wa mstari wake *nyantende*. Nikacheka. "Amehama!"

"Uliza Bagira."

Kaka, *bagira*.

Sijui ni nini kilichonituma. Vidole vyenyewe viliandika neno ambalo halikuwa katika daftari yoyote, wala si jina la mahali. Nikauliza ni nani aliye *kabatini*. Mashine haikusita. Ikatoa orodha ya mtu mmoja: kaka yangu, na miaka yake, *kabatini*.

Nilisikia jenereta inanguruma uani, nikaisikia kama iko ng'ambo ya ziwa.

"Uliweka nini mahali pake?" Prof akauliza.

"Kistari."

Akafumba macho. "Ule mukono unamuuliza kila mutu: uko Luberizi? Mwenye jibu lake anakataa ao anakubali. Mwenye kistari hana jibu, basi anavaa swali lako. Ungemuuliza kama iko Roma, angekubali. Kosa ni langu, kanuni yangu haikumuuliza kwanza kama ana jibu."

Sikumngojea amalize. Maman!

Nilikimbia kushuka hadi kwenye stendi ya kamio, viatu mkononi. Ilikuwa bado inapakia. Maman alikuwa juu ya magunia ya chumvi, kitambaa cha kanisani kichwani, shati la kaka mapajani, amenyooka kama mtu anayepigwa picha.

"Maman, shuka!"

"Kwani weye unatoka wapi, viatu mukononi kama muzimu?"

"Shuka, haiko kule! Kaka haiko Luberizi!"

Mpakiaji mizigo akacheka. "Mademoiselle, mwachie maman atembee kidogo. Shiye tutamurudisha, hatumuoi."

Watu wakacheka. Mimi nikalia mbele yao wote. Maman akainama ukingoni.

"Mashine ilidanganya?"

"Haikudanganya. Mimi njo nilimuandika. Sikujua mahali, nikaacha wazi, ikajaza yenyewe. Leo imesema iko Nyantende. Imesema iko Bagira. Maman, nimeiuliza kabatini, imesema iko kabatini."

"Kabatini," akasema.

Akalikunja lile shati upya juu ya mapaja. Mpakiaji akapanda tairi, akampa mkono, akamshusha kwa taratibu kama anashusha mayai. Sambaza maman alimwachia mama mmoja aliyekuwa anasafiri na mtoto mgongoni. Shati alibaki nalo.

Kamio ile ilifika salama na ikarudi. Lazima niseme hivyo. Juma zima maman alinikumbusha, akikoroga ugali: "Ningefika, unaona? Ningefika."

Prof aliongeza swali moja mbele ya maswali yote: je, mahali pa mtu huyu panajulikana? Anayekosa jibu hapotei. Anaingia katika orodha ya pili, ya wanaongojewa. Mstari ule aliniachia niuandike mimi, na aliponiona nimemaliza akasema tu, "Bien," akatoka nje.

Maman alikuja Jumamosi, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Hakuwahi kukanyaga ofisi ile. Akakaa kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini.

"Iulize Luberizi."

Nikauliza. Akanisomesha majina yote kwa sauti. Kaka hakuwemo.

"Nyantende."

Hakuwemo.

"Bagira."

Hakuwemo. Akataja kila mahali alipowahi kupita maishani mwake, soko kwa soko, kanisa kwa kanisa, na mengine hayakuwa katika daftari zetu, lakini niliyaandika yote.

"Sasa ile ya kabati."

Mashine ikatoa mabano mawili, ndani yake hakuna kitu. Maman akasogeza uso karibu na kioo.

"Njo sasa inasema kweli," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Na yeye, inamuweka wapi?"

Nikafungua ile orodha ya pili. Kaka alikuwa wa kwanza. Jina, miaka, kistari. Maman akainuka, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya kistari chenyewe.

"Hapa njo pake?"

"Njo pake, maman."

"Usiache mutu aandike kitu hapa," akasema. "Ata weye."