Bango Lililoishia kwa Mtoto wa Tano

Si printa iliyomkata mdogo wangu. Ni mimi. Kwa miaka nimewaambia jamaa zangu kwamba ni mashine, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, wakaniamini.

Mama yetu alikuwa anafikisha miaka themanini, na tulimwandalia ibada ya shukrani nyumbani Tetu. Nilikataa katakata twende kwa mtu wa mabango mjini Nyeri ilhali nina printa ya wino mezani kwangu. Nikanunua karatasi ya rola, nikapanga majina kwenye kompyuta katika mstari mmoja mrefu: mama kwanza, kisha sisi watoto wake sita kwa mfuatano wa kuzaliwa. Mimi kifungua mimba, mdogo wangu huyo kitinda mimba.

Mashine ilinionya. Maandishi madogo yalitokea kwenye skrini: urefu huu umepita kipimo, sehemu ya mwisho haitachapwa. Lakini mtu anayesahihisha tasnifu za wengine hana haja ya kusoma maandishi madogo. Nikabofya kuendelea. Karatasi ikatambaa polepole, maridadi kabisa: mama, mimi, wadogo zangu, mpaka mtoto wa tano. Hapo printa ikachapa herufi ya kwanza ya jina la mdogo wetu na nusu ya ile ya pili, ikaitema karatasi iliyobaki ikiwa nyeupe.

Aibu yenyewe iko hapa. Karatasi ya kurudia ilikuwepo. Wino ulikuwepo. Iliyokosekana ni nafasi, na nafasi ilikuwa imeliwa na jina langu, kwa sababu mbele yake niliweka "Daktari" na nyuma yake nikapanga shahada zangu zote. Ningezifuta, sote tungeenea. Nilizitazama kitambo. Kisha nikachukua mkasi nikakata ile herufi na nusu, ukingo ukanyooka vizuri, kana kwamba mama alizaa watano.

"Ati mashine?" mdogo wangu aliniuliza siku ya ibada, tumesimama mbele ya bango, binti yake wa pili mgongoni. Anauza mchele mjini Wang'uru, na pilau yote ya wageni ilikuwa mchele wake.

"Mashine. Haichapi zaidi ya urefu fulani."

"Na ilijuaje kuanza kuhesabu kutoka kwako?"

Mashangazi wakaangua kicheko. "Wewe enda upakue," mmoja akamwambia, "mchele wako hauna kipimo!" Nikacheka kuliko wote.

Sina mtoto, kwa hiyo sitapata mjukuu wa kuitwa jina langu. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, na wanaofuata huchukua majina ya dada za wazazi wao. Mume wa mdogo wangu hana dada. Niliposikia kwamba mdogo wangu ana mimba ya tatu, nilijua kuwa akizaa msichana, zamu ni yangu. Nilijua pia kuwa jina hutolewa na wazazi, nami nilishaonyesha ninavyotunza majina ya watu.

Nikaanza kumpigia simu mara kwa mara. Kila mara nikikusudia kusema ukweli, na kila mara nikiishia kuuliza habari za mpunga.

Siku moja mchana akapiga yeye.

"Ni msichana. Tumempa jina lako."

Nikashukuru, nikashukuru tena. Kisha nikajikaza. "Lile bango..."

"Ungeniandika hata na kalamu, dada," akasema taratibu. "Hiyo tu."

Nyuma yake nilisikia kichanga kikilia.

"Basi kuja umwone," akasema. "Lakini ni jina tu nimempa. Hizo digrii atajitafutia."